Filamu ya kwanza ya The Great Gatsby ilipotelea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, naandika tasnifu kuhusu riwaya ya The Great Gatsby na filamu zilizotokana nayo. Ya 2013 nimeiona, ya 1974 nimeiona, ya 1949 nimeipata kwa taabu. Ya 1926, kila ninaposoma naambiwa imepotea. Filamu ya kampuni kubwa kama Paramount inapoteaje kama mbuzi? Kama haipo, tunajuaje ilivyokuwa? Na haiwezekani ikawa imelala kwenye stoo ya jumba fulani kuukuu la sinema, pengine hata huku kwetu pwani? Naomba pia uniambie nifanye nini na sura hiyo ya tasnifu, maana msimamizi wangu hataki niiruke.

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo mbuzi wako. Mbuzi akipotea, mwenyewe hulala hoi kwa kumtafuta. Filamu hii ilitupwa na wenyewe. Iliachwa pole pole, kwa sababu ambazo wakati ule zilionekana za maana kabisa, na walipotokea watu wa kuiulizia, miaka ilikuwa imekwisha kwenda. Ukilishika hilo, mengine yote uliyouliza yanajibika.

Tukumbushane kwanza ni filamu gani. F. Scott Fitzgerald aliitoa riwaya yake Aprili 1925. Wapo wahakiki walioisifu, lakini sokoni haikwenda alivyotarajia: chapa mbili za mwanzo hazikufika nakala 24,000 kwa jumla, na alipofariki Desemba 1940 baadhi ya nakala za chapa ya pili zilikuwa bado zimekaa ghalani kwa mchapishaji. Hata hivyo Owen Davis, mtunzi wa tamthilia, aliona humo mchezo wa kuigiza. Mchezo ukafunguliwa Broadway Februari 1926, mwongozaji akiwa George Cukor, kijana ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa Hollywood, na ukachezwa mara 112. Ndipo kampuni ya Famous Players-Lasky, iliyokuwa ikisambaza filamu zake kwa jina la Paramount, ikanunua haki za kuigeuza kuwa sinema.

Kazi alipewa Herbert Brenon, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa na jina zuri kwa kugeuza vitabu na michezo ya jukwaani kuwa filamu. Warner Baxter akawa Gatsby, tajiri mwenye hadithi, Lois Wilson akawa Daisy, mwanamke anayempenda, Neil Hamilton akawa Nick, msimulizi wa kitabu, Hale Hamilton akawa Tom, mume wa Daisy. Myrtle, kimada wa Tom, alichezwa na Georgia Hale, yule dada aliyeigiza na Chaplin katika The Gold Rush mwaka mmoja kabla. George Wilson, mume wa Myrtle, fundi wa gereji anayeishia kuua, alikuwa William Powell, ambaye miaka ya 1930 watazamaji walimjua kwa sura tofauti kabisa, mpelelezi mtanashati asiyekosa kinywaji mkononi. Filamu ilitoka Novemba 1926. Ilikuwa na mikanda minane, jumla ya futi 7,296, yaani kama dakika 80 ukutani.

Hadi hapo hakuna cha ajabu. Ilikuwa filamu ya kawaida ya kampuni kubwa, yenye waigizaji wanaojulikana na mwongozaji anayeaminika, iliyotokana na kitabu kilichozungumzwa kidogo.

Sasa fikiria biashara ya sinema ilivyokwenda enzi hizo. Kampuni ilitengeneza kopi kadhaa za filamu, ikazipeleka kwenye ofisi zake za usambazaji, na majumba ya sinema yakazikodi. Kopi ilianzia majumba makubwa ya mijini, ikashuka hadi vitongojini, kisha vijiji vya mbali, kila mahali ikichunwa na meno ya projekta, ikikatika na kuungwa tena. Baada ya miaka miwili au mitatu ilikuwa imechakaa na hakuna tena anayeitaka. Televisheni ya kuirudia haikuwepo, wala kaseti wala diski. Filamu ilikuwa na thamani siku zake za maonyesho tu, na zikiisha, kilichobaki kilikuwa mzigo unaokula nafasi na kuongeza bima.

Mzigo huo ulikuwa na fedha ndani yake, nami nasema fedha ile ya madini. Picha kwenye ukanda wa nyeusi na nyeupe hutokana na chembe za fedha zilizotandazwa juu ya ukanda. Kopi zilizochoka zilikusanywa, zikaoshwa kwa dawa, fedha ikachujwa na kuuzwa. Kampuni zote zilifanya hivyo bila kificho, na mhasibu yeyote angewapongeza.

Gatsby ya 1926 ilikuwa pia na bahati mbaya ya tarehe. Oktoba 1927, hata mwaka haujatimia, kampuni ya Warner ikatoa The Jazz Singer, filamu yenye sauti, na watu wakataka kusikia waigizaji wakisema na kuimba. Kufikia 1930 filamu bubu Marekani ilikuwa bidhaa iliyopitwa na wakati. Filamu bubu zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 angalau zilipata muda wa kuzunguka, kurudiwa, kupendwa na kuzoeleka. Hii ilizeeka kabla haijapata marafiki.

Kuna na suala la ukanda wenyewe. Kuanzia mwanzo wa sinema hadi mapema miaka ya 1950, filamu za kitaalamu zilipigwa kwenye ukanda wa naitreti ya selulosi, binamu wa karibu wa baruti. Ukishika moto hujitolea oksijeni yenyewe, kwa hiyo ukiumwagia maji unaendelea kuwaka, na hata ukiuzamisha ndani ya maji unaendelea. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliwaka usiku wa joto kali la Julai, na sehemu kubwa ya filamu bubu za Fox ikateketea pale. Mwaka 1965 ghala moja la MGM nalo likalipuka California. Watu hupenda kusema filamu bubu ziliungua, kwa sababu moto una kishindo na unasimulika vizuri. Lakini nyingi ziliharibika kimya kimya. Ukanda wa naitreti usipowekwa kwenye baridi na ukavu, kwanza picha hufifia na kuwa ya kahawia. Halafu ukanda huanza kunata, tabaka moja linashikana na jingine. Halafu yanatoka mapovu na ute mzito wenye harufu kali ya tindikali. Halafu mkanda mzima unaganda kuwa donge moja. Mwisho ni vumbi la kahawia ndani ya kopo lililokula kutu. Anayefungua kopo akakuta donge, kazi imekwisha. Akikuta ukanda unaonata mwanzoni lakini katikati bado unafunguka, hapo mtu wa hifadhi hushusha pumzi na kuanza kuokoa futi baada ya futi.

Usidhani basi kwamba naitreti ndiyo iliyoua filamu yetu. Ukanda ni uleule, miaka ni ileile, na filamu nyingine zipo. Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ndicho kiini cha jibu langu.

Herbert Brenon huyohuyo, mwaka huohuo wa 1926, aliongoza Beau Geste kwa ajili ya Paramount, nayo imetokana na riwaya. Neil Hamilton yumo. William Powell yumo. Filamu hiyo ipo, unaweza kuitazama. Mwongozaji mmoja, kampuni moja, mwaka mmoja, waigizaji wawili walewale, ukanda wa aina moja. Tofauti ni kwamba Beau Geste ilipendwa mno na kuingiza pesa nyingi, ikabaki midomoni mwa watu na ikatengenezwa upya. Kwa hiyo palikuwa na sababu ya kuiweka. Au mchukue Georgia Hale. The Gold Rush ya 1925 ipo hadi leo kwa kuwa Chaplin alizimiliki filamu zake mwenyewe na akazilinda kama mali ya nyumbani. Gatsby haikuwa na mwenyewe wa namna hiyo. Mwenyewe alikuwa shirika lenye filamu mpya za kuuza kila wiki.

Kitabu chenyewe nacho kilikuwa kimelala. Jambo hili wanafunzi husahau, kwa kuwa kwetu leo The Great Gatsby ni riwaya kubwa, inafundishwa vyuoni, inanukuliwa. Mwaka 1935, wakati jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York linaanzisha maktaba yake ya filamu na Waingereza wanaanzisha ya kwao London, hakuna aliyekuwa akimwona Fitzgerald kama mwandishi wa kudumu. Alionekana mtu wa enzi ya jazi, na enzi ile ilikuwa imepita kwa aibu ya mdororo wa uchumi. Riwaya ilianza kuamka wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale nakala 155,000 hivi za toleo dogo la mfukoni zilipochapwa kwa ajili ya askari wa Marekani, na wahakiki wakaanza kuirudia miaka hiyohiyo ya 1940. Paramount walitengeneza filamu mpya 1949, ile uliyoipata kwa taabu, yenye Alan Ladd. Kitabu kilipata nafasi ya kuzinduka kwa kuwa kitabu kikikaa miaka 20 bila kusomwa hakiozi. Filamu haikuwa na muda huo.

Utaniuliza: je, serikali haikuweka kopi? Mchapishaji wa kitabu alipeleka nakala Maktaba ya Bunge huko Washington ili apate hakimiliki, na wenye filamu nao walijisajili. Lakini kuanzia 1912 hadi 1942 Maktaba ilipokea maandishi tu, muhtasari na maelezo ya filamu, na kopi yenyewe ikarudishwa kwa wenyewe, kwa sababu haikuwa na mahali salama pa kuweka kitu kinachoweza kuchoma jengo zima. Ukitaka kucheka kwa uchungu, linganisha na kipindi kilichotangulia. Kabla ya 1912 sheria haikuitambua filamu kama kitu cha kusajiliwa peke yake, kwa hiyo watengenezaji walichapa kila picha ya filamu kwenye karatasi ndefu na kuisajili kama picha za kawaida. Karatasi haziwaki ovyo wala haziozi haraka. Zaidi ya filamu 3,000 za miaka hiyo ya mwanzo zimebaki kwenye karatasi. Ndiyo maana tunayo sekunde chache za mtu akipiga chafya mbele ya kamera ya Edison mwaka 1894, na dakika 80 za Gatsby za 1926 hatuna.

Kwa takwimu, mwanahistoria David Pierce aliifanyia Maktaba ya Bunge utafiti uliotoka 2013. Alihesabu filamu ndefu bubu 10,919 za Marekani za 1912 hadi 1929. Zilizobaki kamili, katika umbo lilelile zilivyoonyeshwa Marekani, ni asilimia 14. Asilimia 11 nyingine ni kamili lakini kwa toleo la nje au kwenye ukanda mwembamba wa majumbani. Asilimia 5 ni vipandevipande. Nyingine zote, yaani karibu saba katika kila kumi, hazijulikani ziliko. Filamu iliyotolewa kwenye riwaya ya pili ya Fitzgerald, The Beautiful and Damned ya 1922, nayo imo kwenye kundi hilo. Kwa hiyo Gatsby haikuonewa. Bahati mbaya yake ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida.

Sasa swali lako la pili: tunajuaje ilivyokuwa?

Kilichobaki cha ukanda wenyewe ni trela, ya kama dakika moja, iliyohifadhiwa Maktaba ya Bunge. Ilitolewa kwenye mkusanyiko wa DVD wa hifadhi za filamu za Marekani mwaka 2004, na leo huhangaiki kuipata mtandaoni. Itazame mara nyingi, lakini ujue unachotazama. Trela ya 1926 ilikuwa tangazo, kama ilivyo leo: vipande vifupi vyenye mshtuko, umati wa sherehe, nyuso za waigizaji, maandishi makubwa ya kutia hamu. Haikuonyeshi mwendo wa hadithi wala namna Brenon alivyotulia kwenye uso wa mtu. Nimewahi kusoma insha za wanafunzi zinazopima filamu nzima kwa dakika hiyo moja, na mimi huzirudisha.

Halafu kuna magazeti. Mordaunt Hall wa New York Times aliiona ilipotoka na akaandika kwa urefu. Humo ndimo tunamopata mambo ambayo trela haiwezi kutupa. Anaeleza sherehe kwenye bwawa la kuogelea, wasichana wakinyakua glasi za kokteli huku wakiogelea. Kumbuka pombe ilikuwa marufuku Marekani wakati huo, kwa hiyo tukio hilo lilikuwa chambo cha kuvutia wateja. Anaeleza Gatsby akirusha sarafu za dhahabu za dola 20 majini, wageni wakipiga mbizi kuzigombania. Msichana mmoja anauliza ni nini kinachorushwa, akisikia ni dhahabu halisi anajitosa. Hall analalamika kwamba Baxter anazirusha kwa shauku mno; angependeza zaidi kama angeonekana amechoshwa kidogo na vurugu ile. Analalamika pia kuhusu Daisy kubugia absinthi, pombe kali, ya kumlaza mtu wa kawaida, kisha anaonekana amechangamka kidogo tu na mara amepona.

Hebu tuikalie hiyo sarafu. Katika riwaya Gatsby harushi dhahabu majini. Anatoa sherehe kubwa asizozifurahia, anasimama pembeni akiwa hajanywa, anasubiri mtu mmoja aje. Utajiri wake unaonekana kwa vitu vilivyomzunguka: gari, maktaba, mashati yale anayomtupia Daisy hadi analia. Filamu bubu haina msimulizi wa kukunong'oneza, na Nick ndiye roho ya kitabu kwa sababu ni sauti. Ukimwondolea Nick sauti, lazima utafute tendo la mkono litakaloonyesha utajiri na upuuzi wake kwa pamoja, na lieleweke na mtu aliyeketi safu ya mwisho. Sarafu bwawani ni jibu la mtu wa sinema. Pengine ni jibu la kupita kiasi, Hall alidhani hivyo, lakini ni jibu la kufikiria. Na lalamiko lake kuhusu shauku linakupa kitu cha thamani: linakuambia jinsi Baxter alivyomcheza Gatsby. Alimcheza mtu anayefurahia pesa yake. Huyo si Gatsby wa Redford wa 1974 wala wa DiCaprio wa 2013. Umepata aya nzima kutoka kwenye sentensi moja ya mhakiki aliyekuwa anakosoa.

Wapo mashahidi wengine. Akina Fitzgerald waliiona mwanzoni mwa 1927 walipokuwa Hollywood. Zelda, mke wa Fitzgerald, alimwandikia binti yao kwamba ilikuwa mbovu kupindukia na kwamba walitoka ukumbini. Barua hiyo hunukuliwa kila mahali, na watu huitumia kama hukumu ya mwisho. Mimi naipunguzia uzito. Mwandishi anayetazama kitabu chake kikipita kwenye mikono ya mtunzi wa tamthilia, kisha ya waandishi wa mswada, kisha ya mwongozaji, mara chache hutoka akitabasamu. Ni ushahidi wa walivyojisikia wao, na wenyewe walitoka.

Zipo pia picha za mnato zilizopigwa wakati wa kazi kwa ajili ya magazeti na kuta za majumba ya sinema, na mabango. Picha hizo mara nyingi hazikutoka kwenye ukanda. Mpiga picha alisimama kando na kamera yake mwenyewe, waigizaji wakaambiwa watulie, akabonyeza. Kwa hiyo zinakuonyesha mavazi, samani, nani alisimama karibu na nani, lakini usiziandike kana kwamba ni fremu za filamu. Na maktaba ya chuo cha tuzo za Oscar huko Beverly Hills ina mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Paramount. Mtu anayetaka kuchimba huandika barua pepe huko kwanza kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Swali la tatu, la matumaini.

Kupotea, kwa lugha ya watu wa hifadhi, maana yake ni kwamba hakuna hifadhi yoyote inayojulikana iliyo nayo. Ndiyo maana orodha ya filamu zilizopotea hurekebishwa kila mara. Mfano unaokufaa zaidi ni Beyond the Rocks ya 1922, mapenzi ya kuumiza moyo kutoka kwenye riwaya ya Elinor Glyn, ya Paramount hiyohiyo, yenye Gloria Swanson na Rudolph Valentino. Wakubwa hao wawili walikutana katika filamu moja tu, hiyo, na kwa miongo mingi kilichojulikana kubaki ni kipande kidogo. Swanson alifariki 1983 akiwa bado anaamini imekwenda. Halafu mkusanyaji mmoja wa Haarlem, Uholanzi, akafariki, na makopo yake ya filamu, mengi sana na yasiyo na mpangilio, yakaingia kwenye jumba la filamu la Uholanzi. Watumishi wakafungua moja baada ya jingine. Mikanda ya Beyond the Rocks haikuwa pamoja. Ilitokea mmoja hapa, mwingine kule, ndani ya miaka michache, hadi karibu filamu nzima ikakamilika. Maandishi yake yalikuwa ya Kidachi. Ilisafishwa na kuonyeshwa Amsterdam 2005.

Ona ilikopatikana. Karibu kila mara ni mwisho wa njia ya usambazaji. Huko Dawson City, Yukon, kaskazini ya mbali ya Canada, filamu zilifika zikiwa zimeshazunguka miaka, na gharama ya kuzirudisha ikazidi thamani yake. Mwaka 1929 mamia ya mikanda ilitumiwa kama kifusi cha kujazia bwawa la kuogelea, udongo ukafunikwa juu, na baridi ya kudumu ya ardhi ile ikailinda hadi 1978 katapila lilipoifukua. New Zealand nako walikuwa mwisho wa njia, na mwaka 2010 ilitangazwa kwamba hifadhi yao ina filamu 75 za Marekani, ikiwemo Upstream ya John Ford ya 1927 iliyohesabiwa kuwa imekwenda. Na filamu ya Greta Garbo, The Divine Woman ya 1928, imebakiwa na mkanda mmoja uliotokea kwenye hifadhi ya Moscow.

Ndiyo maana swali lako kuhusu pwani si la kipuuzi. Zanzibar ilikuwa na jumba lake la Royal tangu 1921, na kama kuna mahali palipokuwa mbali na Hollywood ni hapo. Lakini angalia kitu kinachoziunganisha Dawson, Moscow na New Zealand: hakuna mahali penye joto letu. Kwenye maghala ya naitreti ya Maktaba ya Bunge huko Culpeper, Virginia, vyumba 124 vyenye kuta nene, joto huwekwa kiasi cha nyuzi 4 za Selsiasi na hewa hukaushwa. Kopo la bati kwenye stoo ya Mji Mkongwe, chini ya paa la mabati, msimu wa masika baada ya msimu wa masika kwa karibu miaka 100, lina yale niliyokueleza: ute, donge, vumbi. Mikanda iliyotengenezwa baada ya naitreti kuachwa, hiyo tafuteni, ipo. Ya 1926 sitegemei. Na ukikuta kopo la namna hiyo lenye harufu ya tindikali, usilifungue ndani ya nyumba, usivute sigara karibu, liache kivulini na upigie simu watu wa nyaraka za taifa.

Matumaini yangu, kama ninayo, yako kwingine. Kodak walipoleta ukanda wa milimita 16 mwaka 1923, waliutengeneza kwa asetati isiyolipuka, na baadaye wakawa na maktaba za kukodisha filamu kwa watu wa majumbani, mara nyingi zikiwa zimefupishwa. Filamu bubu kadhaa leo zipo kwa njia hiyo tu. Njia nyingine ni mkanda usio na jina. Mikanda ya kwanza, yenye jina la filamu, ndiyo iliyochakaa au kukatwa mapema, kwa hiyo hifadhi duniani zimejaa mkanda wa tatu au wa tano wa filamu isiyojulikana. Kuanzia 2012 Culpeper iliwaita wataalamu na wapenzi wa sinema kwenye warsha, ikawaonyesha vipande vya namna hiyo, nao wakapiga kelele gizani: gari lile ni la mwaka fulani, duka lile liko mtaa fulani, yule ni fulani! Simu na kompyuta zilikuwa mapajani, wakitafuta hapohapo. Ukingoni mwa ukanda wa Kodak kuna alama ndogo za mduara, mraba na pembetatu zinazotaja mwaka ukanda ulipotengenezwa, ingawa zilikuwa zinarudiwa kila baada ya miaka 20. Mtu akionyeshwa bwawa lililojaa watu wanaogombania vitu vinavyometa chini ya maji, atajua anatazama nini kabla taa hazijawashwa.

Likitokea hilo, hakuna wa kumzuia mtu kuionyesha Marekani. Riwaya iliingia kwenye mali ya umma huko Januari 2021, na filamu za 1926 zikafuata Januari 2022.

Kuhusu sura yako: msimamizi yuko sahihi, usiiruke. Ila badili swali la sura hiyo. Kwa filamu tatu nyingine unauliza zimekitendea nini kitabu. Kwa hii uliza watu wa 1926 waliona nini ndani ya kitabu kabla hakijawa kitabu kikubwa, na hilo ushahidi wako unatosha kulijibu. Anza na mchezo wa Davis, kwa kuwa filamu ilipitia kwake kabla ya kumrudia Fitzgerald, na ukisema "imetokana na riwaya" bila kumtaja Davis nitajua hukusoma. Weka uhakiki wa Hall pembeni ya trela, uone wapi vinakubaliana. Tazama Beau Geste kwa makini, kuliko unavyodhani inahitajika, ujue jicho la Brenon: anavyopanga umati, anavyosubiri kabla ya kuleta maandishi. Kisha andika waziwazi, kila mahali, ni jambo gani umeliona mwenyewe, lipi umelisoma kwa aliyeona, na lipi unakisia. Msimamizi akilalamika kwamba kuna kukisia kwingi, mwambie ahesabu sentensi, halafu mniletee nizisome.